Nani Alitia Wekundu Kwenye Rangi Yangu Nyeupe

Shemeji Mwadime,

Wewe umelala huko Werugha kwenye ukungu wako na hakuna anayekuuliza kitu. Mimi niko hapa Voi, naulizwa kila siku. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Unajua mimi na kalamu hatupatani. Shule niliacha darasa la tatu nikaenda kubeba mataruma ya reli na baba yangu. Lakini hili siwezi kumpa mtu aniandikie. Ni la mimi na wewe.

Nataka uniambie ulifanya nini kwenye rangi yangu nyeupe.

Jumamosi ya wiki ijayo ndugu zako wanajenga kaburi lako. Simiti iko tayari, msalaba umechongwa, mchungaji ameambiwa. Wamenitumia ujumbe kwamba nisimame upande wa kichwa niseme maneno, kwa sababu mimi na wewe tumechapa nguo pamoja miaka ishirini na saba. Nimewajibu siji. Dada yako Wakesho aliposikia aliweka sufuria chini, akaniangalia, akatoka nje. Tangu jana hajanisemesha. Ni mke wangu lakini damu ni yako, basi amechagua upande. Sasa ujue mapema: kama hukunitendea ubaya, nitakuja. Kama ulinitendea, watafute mtu mwingine wa kukusifu.

Sikiliza mambo yalivyokwenda.

Mwezi mmoja baada ya kukuzika ilikuja kazi kubwa. Timu ya wasichana wa shamba la mkonge. Jezi kumi na nane, nyekundu, za poliesta, nambari nyeupe mgongoni na jina la timu kifuani. Nahodha wao anaitwa Mkamburi, ni golikipa, mikono mirefu kama ngazi. Alisema amekuja kwangu kwa sababu ya jina langu. Sikushangaa. Kutoka Taveta mpaka Mariakani ukiuliza nani anachapa nguo bila kurudia utaambiwa ni Wafula. Wengine wanavuta rangi mara tatu, mara nne, kama mtu anayepaka mkate siagi. Mimi navuta mara moja. Skrini chini, mpira wa kuvutia rangi unapita, nguo imekwisha. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema, "Shemeji, mkono kama huu haufundishwi." Sasa nashuku hata hayo maneno, lakini wacha.

Kuchagua mkebe na kuangalia moto ilikuwa kazi yako, kwa sababu ni kazi ndogo, haitaki mkono. Ulipoondoka nikaichukua. Nikatoa mkebe wa rangi nyeupe ule uliojaa zaidi, nikavuta jezi zote kumi na nane kabla ya chai ya saa nne. Nikaziweka kwenye mashine ya joto moja moja, moto nikaupeleka mpaka mwisho, kwa sababu rangi mbichi ndiyo inayobanduka na mimi sichapi vitu vya kubanduka. Zilitoka nyeupe kama maziwa. Watu waliokuwa wanapita walisimama kuangalia.

Wiki moja baadaye Mkamburi akarudi. Jezi nambari moja, yake mwenyewe, iko kwenye mfuko. "Mzee Wafula, salamu baadaye. Hii ni nini?"

Nambari ilikuwa pinki. Si doa, si alama. Pinki yote, kama ulimi wa ndama.

Nikamwambia ni vumbi. Na ungekuwepo ungesema hivyo hivyo. Hii ni Voi. Hapa soksi nyeupe ina maisha ya siku moja, hata ndovu wa huku ni wekundu, kwa nini nambari ya jezi ijione bora kuliko ndovu? Akaniuliza, "Na kola yetu si ni nyeupe pia? Vumbi imeruka kola ikaenda kukaa kwenye nambari peke yake?" Halafu akaniambia walikwenda kucheza Taveta, wakati wanaingia uwanjani wasichana wa kule wakawapigia vigelegele: "Mabibi harusi wamefika!" Wamefungwa matatu bila. Nikamuuliza, kwani rangi ndiyo iliyowafunga? Hakucheka. Alisema, "Tulikuja kwako kwa sababu tuliambiwa wewe hukosei," akaniachia jezi mezani, akaenda.

Wakesho aliifua mara tatu kwa sabuni ya kipande. Vumbi likatoka, maji yakawa kama chai ya maziwa. Pinki ikabaki pale pale, imetulia.

Basi nikajua kuna mtu.

Wa kwanza nilimshuku yule binti wa duka la rangi karibu na stendi. Nilimpelekea mkebe nikamwambia afunue anuse, aniambie aliweka nini. Akaniuliza ati hii nyeupe ni ya pamba ama ni ya poliesta. Nikamwambia nyeupe ni nyeupe, na mimi nilikuwa nachapa nguo wakati mama yake bado anasukwa nywele za shule. Akanyamaza. Mtu anayenyamaza upesi hivyo hupendi kumpa kisogo. Lakini nikikumbuka, rangi ile sikununua mimi. Ulinunua wewe.

Halafu nikamshuku jamaa wa ng'ambo ya reli mwenye mashine ya kuchapa picha kwenye vikombe. Nilisimama mbele ya mlango wake asubuhi nzima kama mtu anayengoja mtu. Hakuna alichofanya isipokuwa vikombe. Mwisho akaniletea kiti. Sikukaa.

Kwa hiyo umebaki wewe.

Na usifikiri nimekushuku bure. Nilipofagia rafu ya nyuma baada ya mazishi nilikuta mikebe mitatu, ile mikubwa ya mafuta ya kupikia yenye mshikio wa waya, yote ina rangi nyeupe. Na kila mshikio umefungwa uzi. Mmoja una uzi mwekundu unaong'aa. Mmoja una uzi mnene wa pamba. Wa tatu una nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Mafundo yake ni madogo, yamekazwa, mara tatu tatu. Mwadime, nani anafunga uzi kwenye mkebe wa rangi? Nieleze kama Mkristo kwa Mkristo.

Tena nikakumbuka siku ile. Ulikuwa umetoka hospitali mara ya kwanza, shingo imekuwa nyembamba. Nilikukuta kwenye karakana umekaa kwenye stuli na makasi na vipande vya nguo mapajani. Uliponiona ulifunika mikebe na aproni. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Napumzika, shemeji." Mtu anapumzika na makasi?

Nikasema hayo ni mambo ya mlimani kwenu, ya uchawi. Mtu amenifunga karakana. Nilikata zile nyuzi zote, nikazichoma nje kwenye jiko, nikaomba, nikasikia nafuu. Na mkebe niliochota baada ya hapo ndio uliotoa pinki.

Sababu naijua. Ni ule ubao wa nje. Umeandikwa Wafula, jina lako halipo. Hukuwahi kusema neno juu ya ule ubao. Mtu asiyesema neno miaka ishirini na saba ana neno.

Haya. Nimesema. Sasa jibu.

Niliachia hapo. Leo ni Ijumaa ya wiki ya pili, siku tisa zimepita. Naendelea kwenye karatasi hii hii kwa sababu sitaki kuonekana nimeandika mbili.

Barua niliiacha juu ya kabati. Dada yako akaisoma. Unajua yeye anasoma haraka kuliko mimi, macho yanakimbia tu. Siku mbili baada ya kuiandika nilimwona anaingia karakana, yeye ambaye huwa haingii kwa sababu ya harufu. Akakaa kwenye stuli yako bila kuombwa.

"Baba Rehema, zile nyuzi ziko wapi?"

"Nimechoma."

Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Halafu nikadhani anacheka, kumbe sasa analia. Akasema, "Kaka yangu alikuandikia barua kwa njia unayoweza kusoma. Wewe ukaichoma na ukaomba juu yake."

Mwadime, sikuelewa. Ilibidi anieleze kama anavyowaeleza wajukuu. Uzi mwekundu unaong'aa ulikuwa umechomolewa kwenye jezi. Maana yake, rangi ya mkebe huu ni ya jezi. Uzi wa pamba, rangi ya tisheti na vitambaa vya akina mama wa kanisa. Zile mbili zilizosokotwa, ni ya nguo iliyochanganywa. Mteja akileta nguo, nichomoe uzi wake mmoja, niulinganishe na wa mkebe, basi. Hakuna kusoma, hakuna kumuuliza mtu. Alisema ulitoka kitandani kwa ajili ya kazi hiyo tu, ukaja kwa bodaboda umeshikiliwa, ukarudi kwetu nyumbani akakupa uji, ukanywa nusu kikombe.

Nikamuuliza kwa nini hukuandika juu ya mikebe kama watu.

"Angeandika, ungesema anakuonyesha kisomo chake cha darasa la sita."

Kwa nini basi hukuniambia kwa mdomo?

"Angekuambia, ungesema unajua."

Nikamwambia ningesikia. Na wakati ananiangalia nikakukumbuka kwenye kile kitanda cha hospitali, cha pili kutoka dirishani, umenishika kidole kimoja, si mkono, kidole, unasema, "Uzi kwanza, shemeji, halafu mkebe." Ukasema tena. Nikasema ndiyo, ndiyo, pumzika. Kwa sababu mgonjwa huambiwa ndiyo. Nilidhani ni homa.

Nimekaa na hayo maneno siku hizi zote na sioni pa kuyaweka.

Nimekumbuka na mengine. Kila nguo iliyoingia karakana ulikuwa unachomoa uzi pembeni unauwasha kiberiti, unanusa. Nikawa nakuita mbwa wa polisi mbele ya wateja. Ulikuwa unacheka nao. Pamba ilinuka kama karatasi ikaacha majivu laini, poliesta ilijikunja ikawa punje ngumu, hiyo niliona kwa macho yangu maelfu ya mara na sikuuliza inakusaidia nini. Nilidhani ni mazoea, kama mtu aliyeacha sigara. Na ile rangi ya maji, ambayo jua la Voi linaikausha kwenye skrini kabla hujageuka, ulikuwa unaweka kitambaa kibichi juu yake kila nikienda kuongea na watu mlangoni. Nikirudi navuta, inapita kama mafuta, nasema mnaona mkono? Nao wanaona mkono.

Mkono wangu ni mzuri. Hilo sitaki mtu abishe, hata wewe. Lakini mkono haujui ni kitambaa gani kiko chini yake.

Usidhani nimeacha kushuku. Mlikuwa wawili, wewe na dada yako. Alijua tangu siku ile ya uji. Nimemuuliza kwa nini alikaa kimya mpaka nikaharibu jezi kumi na nane za watu. Anasema ulimkataza asiniambie mpaka niulize mwenyewe. "Nikangoja uulize," amesema. Nyinyi watu wa mlimani mna subira ya kutisha. Mimi mtu mwenye subira hivyo huwa nahesabu vidole vyangu baada ya kumsalimia.

Sasa tatizo likawa hivi. Mikebe mitatu, yote nyeupe, nyuzi zimekuwa moshi, na yule nahodha hana jezi ya kuvaa. Ilinibidi nirudi kwa binti wa duka. Nilizunguka stendi mara mbili kwanza. Nikamwambia, "Binti, hebu nieleze ile habari ya poliesta." Nilitegemea anicheke. Hakucheka, akanivutia kiti, na safari hii nilikaa. Akasema jezi nyekundu imelowekwa rangi yake kiwandani, ukiipika sana ile rangi inalegea inapanda juu pole pole, siku kwa siku, mpaka inaingia kwenye nyeupe. Inatakiwa nyeupe ya kuizuia, inayoiva kwa moto mdogo. Nyeupe ya pamba kwa moto mkubwa ni kama kuiita ile nyekundu kwa jina. "Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja kununua hiyo kwangu," akasema, "alikuwa ananusa kila kitu."

Nikamwambia namjua.

Nikaja nikakata ile jezi nambari moja vipande vitatu. Nikachapa kila kimoja kwa mkebe wake, moto mdogo, nikaweka alama ya kukata pembeni, mkato mmoja, miwili, mitatu. Halafu nikavifungia kwenye sanduku la Wakesho na ufunguo nikauvaa shingoni, kwa sababu sijui nani anaweza kuja kunibadilishia. Wakesho akaniuliza nani atakuja kuiba matambara. Nikamwambia hata yeye simtoi kwenye orodha. Kila asubuhi nafungua nikiwa peke yangu. Siku ya kwanza vyote vyeupe. Ya tatu, kile cha mkato mmoja kikaanza kuona haya. Ya tano, cha mikato miwili kikamfuata. Leo ni siku ya saba. Cha mikato mitatu ni cheupe. Nimekipeleka juani, nimekipeleka kivulini, nimekiweka karibu na shati langu la kanisani. Ni cheupe.

Mkebe wake ulikuwa nyuma kabisa, umefunikwa vizuri kuliko mingine. Nadhani ulitaka nisiumwage.

Nilimwita Mkamburi. Nikamwonyesha, nikamwambia nitachapa jezi zote upya, mpya, kosa ni langu. Kusema hivyo kulichukua muda. Akakigeuza kile kipande, akakikwaruza kwa kucha, akasema atavaa moja kwanza yeye mwenyewe wiki mbili, adake nayo, aanguke nayo, aifue, ndipo nichape zile nyingine. Nikamuuliza nani amemfundisha kushuku watu namna hii.

"Ni wewe, mzee."

Leo nimemchapia hiyo moja. Nimechomoa uzi kwanza. Nimeuwasha. Umejikunja ukawa punje. Nilinusa mpaka nikakohoa.

Wakesho amegusia habari ya ubao. Nimemwambia jambo moja kwa wakati.

Shemeji, kesho nitakuja. Tutaondoka asubuhi mapema, nimeambiwa kuna baridi nimebeba koti. Nilikushuku wewe kabla ya kuushuku moto wangu, na hilo naliandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe ili lisije likakanushwa, hata na mimi. Vidole vinauma. Si vidole peke yake.

Sijui kuomba msamaha mbele ya watu, unanijua. Lakini nimekuahidi jambo, na Wakesho ni shahidi, anasoma hapa begani kwangu bila ruhusa. Nitasimama upande wa kichwa kama walivyotaka. Nitawaambia ndugu zako na mchungaji na majirani wote wa Werugha kwamba karakana ya Wafula ilikuwa na mkono mmoja na kichwa kimoja, na kichwa hakikuwa changu. Wewe ndiye uliyekuwa unachagua rangi. Nitasema kwa nguvu. Waliosimama nyuma na wasogee mbele, kwa sababu koo langu likifika hapo silijui litafanya nini.

Lala, Mwadime.

Ni mimi,
Wafula